Karibu, Lakini kwa Miadi

Sijui nani aliwadanganya vijana wa seminari kwamba kazi ya mmisionari ni kutembelea watu. Mimi nimetumwa Ujerumani, huku Bavaria, nasaidia parokia yenye vijiji vinne na makanisa manne, na bado sijaingia nyumba ya mtu bila jina langu kuandikwa kwanza kwenye daftari. Kwetu Ruvuma padre akikatiza tu njiani, watoto wanakimbia kutoa habari, mama anatafuta kitenge kizuri, na jogoo mwenye akili anapotelea shambani. Huku siku moja nilibonyeza kengele ya mlango. Mzee akachungulia kutoka dirisha la ghorofani, akaiona kola yangu, akauliza nani amekufa.

Mwenye daftari ni Bi. Katibu wa parokia, mama mwema asiyenyanyua sauti. Nikitaka kumwona mgonjwa wa kawaida, asiye mahututi, anafungua kurasa taratibu. Wiki hii haiwezekani. Wiki ijayo bibi ana daktari wa meno. Tarehe 23 je, saa 9 alasiri mpaka saa 10 na nusu? Msomaji, usiipite hiyo "mpaka". Mwaliko wa huku unakuja na saa ya kuondoka. Unakunywa kahawa, unakula keki, na ikikaribia saa 10 na nusu mwenyeji anaanza kukusanya vikombe. Hata marehemu anasubiri ratiba: kwetu aliyefariki leo kesho kutwa tumeshamzika, huku inaweza kupita wiki nzima na zaidi.

Kinachoniuma ni historia. Wabenediktini wa St. Ottilien, ambayo nayo iko hukuhuku Bavaria, walifika Peramiho, hukohuko kwetu Ruvuma, mwaka 1898. Sijasoma popote kwamba Padre Cassian Spiss na wenzake waliwaandikia Wangoni kuuliza kama Jumanne kuna nafasi. Walitokea tu. Wakajenga, wakabatiza, mpaka leo kuna abasia, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Mimi, kitukuu wa waliobatizwa, nimekuja kurudisha fadhila, naambiwa nisubiri tarehe 23.

Lugha nayo ina vituko vyake. Nilisoma Kijerumani kwa jasho, vitabu na kaseti na mtihani na cheti. Nikapelekwa kijijini ambako hicho Kijerumani kinasikika redioni tu. Wazee wanazungumza lahaja ya hapa, maneno yanatoka kooni yakiwa yamekatwa miguu. Kwa hiyo natikisa kichwa kukubali. Kwenye vikao vya halmashauri ya parokia nimeshakubali mengi sana, na mojawapo, nilikuja kujua baadaye, ni kubariki pikipiki.

Jumapili ni siku ya kimya. Huruhusiwi kukata majani, kutoboa ukuta, wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo, maana zinapasuka kwa kelele. Vioo vyenyewe vinatenganishwa: vyeupe peke yake, kijani peke yake, kahawia peke yake. Nina pipa la karatasi, pipa la maganda ya vyakula, pipa la yasiyo na kwao, na mfuko wa manjano wa plastiki. Jirani yangu hajawahi kunisalimia wa kwanza, ila siku nilipoweka kifuko cha chai kwenye pipa lisilo lake alivuka barabara mwenyewe, bila miadi.

Kanisani nina dakika zangu. Mwaka 2024 Papa Fransisko alisema mahubiri yasizidi dakika 8. Kwetu habari hiyo ilipokelewa kwa heshima na hakuna aliyeifuata; huku hakukuwa na haja ya kuisema. Ikifika ya 9 mtu wa kiti cha mbele anafunga zipu ya koti. Kwaya ya vigelegele haipo, na wanaonisikiliza wengi wana umri wa bibi yangu.

Vijana wapo, ila wamejitoa. Huku Mkatoliki anakatwa kodi ya kanisa, na kwa Bavaria ni asilimia 8 juu ya kodi yake ya mapato. Asiyetaka anakwenda ofisi ya serikali ya kusajili vizazi na vifo, anatia saini, anatoka si Mkatoliki tena kwenye makaratasi. Mwaka 2022 walifanya hivyo 522,821 Ujerumani nzima. Taarifa inatufikia parokiani, nasi tunamwandikia mhusika barua ya upole tukimkaribisha kwenye mazungumzo. Mimi ningependa kwenda mwenyewe, nipige hodi, nikae kwenye kigoda, nisikie kilichomuudhi. Haiwezekani. Waliojitoa nawakuta kwenye duka la mkate asubuhi, wananisalimia vizuri kuliko waumini.

Sasa juzi nikatumwa kwenye kabati la sakristia kutafuta ubani. Nyuma ya mishumaa nikakuta kisanduku cha sadaka cha zamani, cha kuchangia misheni za Afrika. Juu yake kapiga magoti mtoto mweusi wa mbao, amekunja mikono. Ukitumbukiza sarafu, anainamisha kichwa kushukuru. Nilijaribu kwa senti 50. Kichwa kinafanya kazi.

Nikakipeleka kwenye kikao. Kimya kikatanda, wa kwanza kuwa mwekundu ni mwenyekiti. Mmoja akasema kitupwe leo leo. Mwingine akasema makumbusho. Wa tatu akasema kilitolewa na babu yake, mtu aliyewapenda sana Waafrika, ingawa hakuwahi kumwona hata mmoja. Wakanigeukia. Nilikuwa sijaelewa nusu ya maneno, nikatikisa kichwa. Ikaonekana nimeafiki kitupwe.

Ndipo Bi. Katibu akauliza, kwa sauti yake ileile, kitupwe kwenye pipa lipi. Sanamu ni mbao, springi ni chuma, macho ni kioo, na kioo chenyewe ni cheusi, rangi isiyo na pipa lake. Mjadala ukafika saa 4 usiku. Mwishowe ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba suala limeahirishwa mpaka kikao kinachofuata, baada ya Pasaka. Kisanduku kimerudi kabatini, na kwenye chumba cha sakristia sasa tuko wawili tunaotikisa vichwa.