Barafu za Jemadari

Mwenzangu, kama na wewe unalea kijana anayetengeneza singeli, sogea tukae, maana yaliyonikuta Ijumaa ile utayajua hata kabla sijayamaliza.

Nimetoka karakana jioni, nimechoka, nakuta maji mekundu yametambaa kutoka jikoni hadi sebuleni. Moyo ulipasuka; nilidhani mtu kaumia. Kumbe ni barafu za ubuyu za Jemadari, mia na ishirini, zote zimeyeyuka. Jemadari ni mama watoto wangu, na barafu zile ndizo zinazolipa ada. Waya wa friji umelala sakafuni. Kwenye soketi yake pamechomekwa ekstensheni inayopita dirishani kwenda chumba cha uani, na huko ndiko anakoishi mwanangu wa kwanza, Bwana Biti.

Redio Mbao, binti yetu wa miaka tisa, hakumaliza hata shikamoo. "Baba, kaka kachomoa friji toka saa tano asubuhi, bibi ndiye aliyemruhusu, na mama hajarudi sokoni."

Aliposema bibi, niliishiwa nguvu. Mama yangu mzazi ni mtu wa Tanga, na mjukuu wake humwita "mume wangu" kama bibi zetu wote, ila yeye anautumikia utani huo kwelikweli: paja la kuku ni la mume wake, kiti chenye mto ni cha mume wake, na kesi za mume wake huzisimamia mwenyewe mpaka mshitaki aombe radhi. Nimeishi naye miaka hamsini, sijashinda hata kesi moja.

Nikueleze sasa soketi ile ilikuwa ya nini. Singeli ilianza hivi: vijana wa Manzese na Tandale, hapa Dar, walianza kughani juu ya ala za taarabu zilizokimbizwa, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha mpaka alfajiri. Kwenye singeli, mapigo 200 kwa dakika ni mwendo wa kawaida, na wapo wanaofika 300. Bwana Biti anaijua asili hiyo, ndiyo maana miezi yote aliinyemelea kanda ya bibi, Shakila akiimba taarabu na kundi la Black Star la Tanga, iliyofungwa kwenye kanga ndani ya kopo la biskuti. Siku hiyo bibi aliifungua. Lakini deki ya marehemu baba inataka umeme, kompyuta ya kijana betri yake ilikufa zamani, sabufa nayo ina waya wake, na soketi ya uani iliungua wakati wa masika.

Niliingia uani nimejaa hasira. Amevaa hedfoni, kanipa mgongo. Anahangaika na kipande cha gitaa cha sekunde nne kutoka kwenye kanda ile. Ukiikimbiza sauti kienyeji inapanda juu, gitaa linalia kama kifaranga. Programu yake ya muziki, FL Studio, inaweza kuongeza kasi bila kupandisha sauti, ila ukizidisha inakwaruza. Basi akawa anaongeza kidogo, anaweka ngoma chini yake, anasikiliza, anafuta, anaanza upya. Toka saa tano, sekunde nne! Mimi ni fundi seremala. Naijua shingo ya mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata. Nilisimama pale na ubuyu miguuni, hasira ikaniisha.

Jemadari anataka kijana akasomee umeme, na sababu anazo: vigodoro vingine hulipa kwa soda na shukrani. Kijana naye hujibu kwamba studio ya singeli ya Sisso iko Mburahati, mwendo wa miguu kutoka kwetu, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, singeli ya uswahilini ikaanza kuchezwa Ulaya. Kisha DJ Travella, naye wa Dar, akatoa albamu ya Mr Mixondo mwaka 2022 akiwa kijana mdogo kabisa. Mimi nilimwambia jambo moja tu: gitaa lile lina wenyewe. Siku ya kuuza wimbo, kaombe idhini au mtafute mpiga gitaa. Sasa ana daftari, kila kipande anaandika kilikotoka. Naliheshimu sana daftari lile.

Jemadari aliporudi aliyatazama maji, akaitazama ekstensheni, akanitazama mimi. Kabla hajafungua kinywa bibi akaita, "Mume wangu, hebu waoneshe!" Sabufa ikaunguruma, gitaa la Tanga likatoka mbio, na mama yangu mwenye magoti mabovu akanyanyuka na kanga yake. Redio Mbao alishaita nusu ya mtaa. Jemadari alisimama na kikapu mkononi mpaka biti likaisha. "Barafu zangu utalipa," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Rudia pale mwanzo."

Kijana alilipa. Kigodoro kilichofuata kilimpa elfu hamsini. Jemadari alihesabu za barafu hadi shilingi ya mwisho, zilizobaki akamrudishia. Friji imerudi kwenye soketi yake. Ya uani bado haijatengenezwa, kwa hiyo ekstensheni sasa inatoka chumbani kwangu, na simu yangu naichajia karakana.