YAH: Ombi la kusajili daftari kuwa mfumo wa Taifa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
TAMISEMI, Dodoma.

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza hongera. Mmetuletea GoTHOMIS ya kuendeshea vituo vya afya vya serikali, na wenzenu wa Wizara ya Afya wakaandika Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024. Huku Kimbiji, mwisho mwisho wa Kigamboni, tulishangilia. Tulidhani sasa mgonjwa atajieleza mara moja tu.

Wakati tunasubiri, tuna mfumo wetu. Unauzwa dukani: daftari la shule, nyuma ya jalada kuna jedwali la kuzidisha. Umeme ukikatika linafanya kazi, bando halili, na halijawahi kumwambia mtu "mtandao unasumbua, kaa pale kwenye benchi". La jirani yangu muuza samaki lina vipimo vya presha upande wa mbele. Ukiligeuza, unakuta madeni ya wateja na michango ya kikoba. Huko Dodoma mnahimiza mifumo isomane. Mama huyu kasomanisha afya na fedha bila mshauri elekezi wala semina ya Morogoro.

Tena daftari linavuka maji. Jirani yangu huyo alipopewa rufaa, nesi wa zahanati moja ya pwani ya huku alimwandika kwa peni kwenye rejesta ya MTUHA, kisha akarudia yale yale kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja, foleni ikimkodolea macho. Kufika hospitali ya ng'ambo, kompyuta ya pale haina habari naye. Jina? Umri? Unakaa wapi? Unatumia dawa gani?

"Vidonge vyeupe, vidogo."

Ndipo akalichomoa daftari kwenye mkoba, linanuka dagaa, daktari akasoma jina la dawa na kazi ikaendelea. Kompyuta mbili za serikali moja, zimenunuliwa kwa kodi yetu wenyewe, hata salamu hazipeani!

Kwenye malipo lakini, mbona mashine haina kigugumizi? Najua kazi mojawapo ya mifumo hii ni kuziba mianya ya mapato vituoni, na hilo silipingi, maana fedha zilikuwa zinayeyuka. Ila shilingi yangu inajulikana ilikopita, presha yangu haijulikani.

Mtaniuliza usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nasi tunaitii: daftari linalala chini ya godoro. Kuna mahali, sitapataja, nimeona nywila imebandikwa pembeni ya skrini kwa plasta ya kidonda.

Hatuipendi karatasi, Mheshimiwa. Masika ikipenya kwenye bati, miaka mitano ya kliniki inageuka uji. Kwa hiyo chagueni: ama mlisajili daftari letu na kulipiga nembo ya Taifa, ama rufaa ikiandikwa Kimbiji, daktari wa ng'ambo awe ameshaisoma kabla mgonjwa hajashuka kwenye daladala. Na mkituletea kompyuta nyingine, zije na betri, na mtu wa kumpokea nesi ile peni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kimbiji