Uchovu wa Kizungu

Tuwapongeze vijana wa maofisini waliogundua kwamba "nimechoka" ni neno la kishamba. Msomi ana "burnout", hali ya kazini ambayo Shirika la Afya Duniani liliitambua mwaka 2019, ingawa halikuiita ugonjwa. Au yuko "knackered", neno la Waingereza lenye asili ya mnunuzi wa farasi waliochakaa, wa kuchinjwa na kuchunwa ngozi. Heshima iliyoje! Mtu kaketi kwenye kiyoyozi tangu saa tatu, chai kaletewa mezani, na bado ana unyenyekevu wa kujifananisha na farasi huyo.

Mama aliyeileta chai kaamka saa kumi alfajiri, kapanda daladala mbili, ngazi zote kapiga deki. Kiingereza hajui, kwa hiyo hajachoka. Mwiteni, sukari imepungua.