Namba ya Kimbunga na Magunia ya Mahindi

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, nyumba yetu ya Kilwa Masoko iligawanyika pande mbili kwa sababu ya simu. Mume wangu alifungua ramani ya vimbunga, akaliona duara jekundu baharini, mashariki ya Mtwara, na pembeni yake namba 70. "Sabini tu," akasema. "Bodaboda wa hapa stendi wanakwenda zaidi ya hapo." Akarudi kwenye chai yake. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa na ramani nyingine, na yake iliandika 130. "Baba, upepo huu unang'oa bati!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lindi, akauliza kutoka kwenye mkeka wake: "Mnabishania upepo mmoja, au iko miwili?"

Ulikuwa mmoja, na wote wawili walikuwa wameusoma vizuri. Ramani ya mume wangu ilipima kwa noti, kipimo cha mabaharia, na alama yake ni herufi mbili ndogo, kt, ambazo jicho linaziruka. Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Sabini zile zilikuwa karibu kilomita 130. Nimejifunza baadaye kwamba hata kipimo kikiwa kimoja, namba zinaweza kupishana: kituo cha Réunion, kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi, huchukua wastani wa upepo wa dakika 10, na Wamarekani huchukua wa dakika 1, kwa hiyo yao huwa kubwa zaidi. Tena upepo ukiongezeka kasi mara mbili, huisukuma nyumba kwa nguvu mara nne. Bodaboda si kipimo chake.

Mume wangu alipoelewa, aliinuka hapo hapo. Yeye na kijana wakapanda juu, wakalaza mifuko ya mchanga kwenye bati na kuifunga kwa kamba ya manila. Mimi nikapandisha vitu: magunia mawili ya mahindi juu ya meza, cherehani juu ya kabati, na vitambaa vya sare za shule nilivyoletewa na wazazi wa wanafunzi niwashonee, ndani ya mifuko ya plastiki, karibu na dari. Pwani mashua zilivutwa nchi kavu. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Kimbunga chenyewe kiliitwa Hidaya, neno ambalo kwetu ni zawadi ya thamani, na mama mkwe alikataa kabisa kulitamka. Yeye alizungumzia kile cha Aprili 1952, kilichoipiga Lindi, alichosimuliwa na mama yake.

Jumamosi Hidaya ikafika kisiwa cha Mafia ikiwa imepungua nguvu. Kwenye simu tuliona duara likigeuka kutoka nyekundu kwenda njano, kisha kijani, na namba ikishuka kila tulipotazama. Usiku Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu. Bati letu lilikuwa salama, hakuna msumari uliolegea. Nikamshukuru Mungu, nikayashusha magunia, cherehani na vitambaa, maana watoto walihitaji meza na mimi nilitaka kushona asubuhi.

Maji yaliingia tukiwa tumelala. Yalipita mlango wa uani, yakajaa sebuleni hadi kwenye goti la mtoto mdogo. Mahindi yalilowa mpaka katikati ya gunia. Vitambaa vya watu, vya buluu na vyeupe, vilikuwa vinaelea kwenye tope. Nililia zaidi kwa sababu ya vile kuliko mahindi, kwa kuwa havikuwa vyangu.

Namba ile ya pembeni ya duara ni ya upepo peke yake. Haisemi neno juu ya mvua. Kimbunga kikidhoofika, mawingu yake bado yamebeba maji, na kikipunguza mwendo huyamwaga mahali pamoja. Ardhi yetu ilikuwa imeshiba tangu Aprili. Rufiji ilikuwa tayari imefurika. Hata mstari tuliouona kwenye ramani ukielekea Mafia, jirani yangu akasema "hakitugusi", ulikuwa njia ya kitovu tu, na mvua ya kimbunga hutanda mamia ya kilomita kutoka hapo. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatwa na maji pale Somanga, hapa hapa Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Na Mamlaka ilikuwa imetaja vyote viwili tangu mwanzo, upepo mkali na mvua kubwa. Sisi tulibaki na namba.

Ramani ile ile ina kitufe cha mvua. Kiko chini ya kile cha upepo, na hatukukigusa siku zote mbili.

Ilinichukua miezi minne kulipa vile vitambaa. Wewe unayekaa pwani, ukiifungua ramani, tafuta kwanza herufi zilizo pembeni ya namba, kisha bonyeza mvua. Na gunia liache juu ya meza mpaka mvua ikatike.