Udumu Ubishi wa PES na FIFA

Subira imesifiwa, usafi umesifiwa, hata kulipa madeni kumesifiwa. Ubishi wa gemu haujapata wa kuusema kwa wema. Mimi ninayeishi ukuta kwa ukuta na kibanda cha PlayStation, ninayelala na kuamka na swali la kama gemu ya mpira ya PES inaizidi ya FIFA, naona kazi hiyo imeniangukia.

Fadhila zake ndogo nizitaje upesi. Hauli, hauvai, haudai kodi. Unafukuza usingizi kuliko kahawa. Unafundisha adabu, maana hakuna kijana anayenigongea mlango usiku nimwamulie bila kuanza na “Shikamoo, anko.” Tena unamfariji aliyefungwa: sijasikia kijiweni mtu aliyezidiwa uwezo. Pedi ilikuwa mbovu, au gemu ilimbania.

Lakini fadhila iliyo juu ya zote ni kwamba ubishi huu haufi. Vinavyobishaniwa vyenyewe vimekufa! Konami walilizika jina la PES mwaka 2021 walipotoa eFootball. La FIFA likafuata mwaka 2023, Electronic Arts walipoachana na shirikisho la soka na kuuita mchezo wao EA Sports FC. Marehemu wawili, matanga hayajaanuliwa, na waombolezaji bado wanagombana ni yupi kati yao aliye hai zaidi. Kibandani kwa jirani yangu yupo mmoja ndani ya PlayStation 2, mashine ya mwaka 2000 ambayo PES yake ya mwisho ilikuwa ya 2014. Mafundi wa mtaani wamempachika wachezaji wa msimu huu, na kila ligi zikianza anavishwa jezi mpya.

Hoja nazo hazizeeki. Wa PES husema mpira wao una uzito na pasi zake zinataka akili. Wa FIFA hujibu kwamba timu isiyo na jina si timu, kwani kule Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red, kisa leseni. Fedheha hiyo wa PES waliibeba miaka mingi, hadi 2019 Konami walipoinyakua Juventus na FIFA 20 ikalazimika kuiita Piemonte Calcio. Kisasi hicho bado kinasimuliwa kana kwamba kimelipwa jana. Wamarekani nao wana ubishi wa kwao: tangu George Lucas aihariri upya Star Wars mwaka 1997, mashabiki wanabishana kati ya Han Solo na Greedo nani alifyatua kwanza. Lakini wale wanagombea sekunde chache za filamu moja. Sisi tunagombea kila pasi.

Na tunaigombea saa saba usiku. Saa saba, jamani! Mtu mzima mwenye ndevu anapiga meza, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba ile haikuwa ofsaidi, nami alfajiri nina basi la kuwahi. Hivi nyinyi hamna kwenu?

Nirudi kwenye sifa, maana yupo aliyefaidi kuliko sisi sote. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa zinapigana nyasi, tembo wanashiba. Kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, waliokuwa na Nintendo Switch waliuziwa toleo ambalo kampuni yenyewe ililiita Legacy Edition: vikosi vipya, jezi mpya, mchezo ule ule. Fundi wa mtaani akifanya hivyo anaitwa haramia. Na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, mtindo wa kujiundia kikosi uitwao Ultimate Team, ambao sehemu yake kubwa ni mpira, uliiingizia Electronic Arts zaidi ya dola bilioni 1.6. Humo mtu hulipia pakiti asiyojua ina mchezaji gani. Nani kijiweni amewahi kupiga meza kwa hilo? Anayeikosoa kampuni huambiwa ni wa upande wa pili, akazomewa mpaka akanyamaza. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kupata mawakili wengi hivyo, tena wanaolipa ili wamtetee.

Ubelgiji waliishughulikia biashara hiyo ya pakiti kwa njia nyingine. Mwaka 2018 tume yao ya michezo ya bahati ilisema pakiti hizo zinavunja sheria ya kamari, na mapema 2019 kampuni ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo.

Nilikwenda kibandani kuwasimulia hayo. Walinisikiliza kwa heshima, pedi zikiwa zimetulia mapajani. Kisha mmoja akauliza: “Sasa anko, Ubelgiji ni wakali zaidi kwenye PES au kwenye FIFA?”

Wakagawanyika papo hapo, na mimi wakanipa urefa.