Taa Si Zinawaka?

Ofisini kwetu kuna imani moja isiyo na mpinzani: taa ya swichi ikiwaka kijani, mtandao ni mzima, na anayelalamika ana lake jambo. Waumini ni wengi, kuanzia kwa mlinzi getini mpaka kwa mkurugenzi. Mimi fundi mtandao peke yangu ndiye niliyebaki nje ya dhehebu.

Baada ya kuomba muda mrefu, bosi aliidhinisha kebo ya pili kati ya swichi ya chini na ya ghorofa ya tatu. Nia ilikuwa kuzifunga kebo mbili za gigabiti moja moja ziwe njia moja, ili ikikatika hii, ile iendelee na kazi. Si uvumbuzi wa juzi. Kiwango chake, 802.3ad, kilipitishwa mwaka 2000, na utaratibu ambao swichi hutumia kukubaliana unaitwa LACP. Akaletwa mkandarasi. Akachomeka kebo, akatuonyesha taa nne za kijani, mbili juu na mbili chini, akasainiwa karatasi yake, huyoo.

Tangu hapo, kila uhasibu wakishaanza kazi asubuhi, mtandao unasuasua.

"Mwanangu, mbona mfumo umeganda?" Mhasibu mkuu huyo, mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama. Naangalia."

"Marahaba. Unaangalia nini na taa zinawaka?"

Nikaingia kwenye mipangilio ya swichi. Kebo moja inabeba mzigo wote, ya pili imekaa tu inakula umeme. Kwenye LACP, kila upande huchagua msimamo: ama akitivu, yaani unaanza kumwita mwenzako, ama pasivu, yaani unanyamaza mpaka uitwe. Mkandarasi kaweka pasivu juu, akashuka akaweka pasivu na chini. Swichi zimekaa kama mawifi waliokosana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusalimia. Wangekaa hivyo hadi Kiyama.

Na kwa kuwa kundi halikuundwa, kila kebo ikahesabiwa njia inayojitegemea, zote zikielekea kule kule. Hapo ikaingia itifaki aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, ambayo kazi yake ni kufunga njia ya ziada ili data isizunguke bila mwisho. Ikaifunga kebo mpya. Namshukuru mama yule, maana bila kazi yake jengo zima lingelala siku ya kwanza. Ila swichi zetu hazina kinyongo: kebo iwe inafanya kazi, iwe imefungiwa, taa ni kijani.

Nikampigia mkandarasi.

"Kaka, achana na mambo ya kukubaliana," akanishauri. "We lazimisha tu."

Inawezekana kweli kulazimisha. Unaiambia swichi izihesabu kebo hizo kuwa kundi moja bila kumuuliza mwenzake. Shida ni pale upande mmoja unapoamini na wa pili hauna habari: data nyingine inapotea, nyingine inazunguka, na simu yangu inaita mpaka inapata moto. Nikamwambia asante, nikakata.

Nikaweka akitivu pande zote. Kebo moja ikajiunga papo hapo. Ya pili ikagoma. Kundi halipokei mwanachama mwenye spidi tofauti, na huyu alikuwa akikimbia megabiti 100 badala ya 1,000. Nikachomoa kichwa chake nikakiweka kwenye mwanga: uzi wa kahawia umeishia njiani, haujafika kwenye meno ya shaba. Gigabiti inadai jozi zote 4 za nyuzi. Megabiti 100 inaridhika na 2, ya chungwa na ya kijani, kwa hiyo kebo ilikuwa inachechemea bila kumwambia mtu. Taa, bila shaka, kijani. Nikakata, nikapanga rangi upya, nikabana kichwa kingine. Kundi likatimia.

Bosi akataka kuona matunda ya fedha zake. Akanakili faili kubwa kutoka kwenye seva, macho kwenye saa.

"Mbona spidi ni ile ile?"

Nikamweleza, taratibu. Swichi inaangalia anwani ya anayetuma na ya anayepokea, inachagua kebo moja, na mazungumzo ya hao wawili yanabaki humo humo, ili pakiti zisipitane njiani zikafika shaghalabaghala. Kebo mbili ni neema kwa watu wengi kwa pamoja. Mtu mmoja na faili lake anapita kwenye moja.

Bosi akatafakari. "Basi tuongeze ya tatu."

"Mkuu, swichi zetu zinagawa mazungumzo mafungu 8. Kwa kebo 3, mbili zitabeba matatu matatu, ya mwisho mawili. Haitagawanyika sawa."

"Weka nane."

Nimekaa na hesabu hiyo nikitafuta kosa, sijaliona. Mafungu 8 kwa kebo 8 ni moja moja, hakuna inayoonewa, na kundi letu linaruhusu hadi kebo 8 hizo hizo. Faili la bosi litaendelea kupita kwenye moja tu, lakini fomu ya manunuzi imeshasainiwa. Mkandarasi ni yule yule.