Barua ya Wazi kwa Gavana wa Koloni ya Kenya, Popote Alipo

Mtukufu Gavana,

Salamu kutoka kwa wajukuu na vitukuu wa walipa kodi wako. Tunatafuta nasaba zetu, na kila dirisha tunalofika karani anauliza: cheti cha kuzaliwa cha huyo babu kiko wapi? Tumeona tuje kwako, maana kalamu ilikuwa yako.

Kwanza, hongera kwa bidii. Tangu 1901 ulizihesabu nyumba zetu na kumjua wa kuzilipia kodi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukamtundika mwanamume shingoni kikopo cha bati chenye kipande: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Siku aliyozaliwa haikukuhusu. Kichanga halipi kodi.

Wala si kwamba kusajili watoto kulikushinda. Mwaka 1904 ulianza na Wazungu, 1906 ukawakumbuka Wahindi. Sheria ya 1928 ikaenda wilaya hadi wilaya kwa mwendo wa kinyonga, ikaenea nchi nzima Septemba 1971, nawe umeshaondoka. Ndiyo maana wazee wetu wengi, kwa mujibu wa vitambulisho, walizaliwa Januari mosi. Wakunga wa siku hiyo walifanya kazi kweli.

Ndoa tusizigombanie sana. Waislamu walikuwa na daftari la kadhi, Wakristo la misheni, ambamo Wanjala aliingia akatoka Barnaba na ukoo wake ukabaki nje. Waliooana kimila walingoja Sheria ya Ndoa ya 2014.

Ila vifo, Mtukufu, hapo mzaha unatukwama kooni. Wapagazi wako wa vita vya 1914 hadi 1918, wale walioupa jina mtaa wa Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, waliandikwa walipochukuliwa. Walipokufa kwa kuhara damu na njaa, kalamu ikaishiwa wino. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Ikaomba radhi. Afisa wa Kizungu aliyefia vita hivyohivyo ana jiwe lenye jina, cheo na tarehe. Wetu wana sanamu ya pamoja katikati ya Nairobi, na magari yanaipita.

Usituambie karatasi zilikuwa nzito kubeba. Ulipoondoka 1963 mafaili yapatayo 1,500 yalisafirishwa Uingereza, yakafichwa Hanslope Park, na kuwepo kwake hakukukiriwa hadi 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani. Hatusemi humo mna tarehe za kuzaliwa. Tunasema tu kwamba ulipotaka kutunza karatasi, uliweza.

Basi ombi letu ni dogo. Madaftari ya kodi, rejista za vipande na orodha za wapagazi, zozote zilizosalia huko kwenu, zipigwe picha, nakala ziletwe Hifadhi ya Nyaraka Nairobi, na mwananchi azisome bila kulipa senti. Kodi ya nyumba tulishalipa.

Ni sisi,
Wajukuu wa Januari mosi